Mkono wa Kushoto Ndani ya Gitaa

Kidosho alikuwa amemwambia mpenzi wake Nyuzi mara tatu asije na lile gitaa. Mara ya kwanza kwa simu, mara ya pili kwa ujumbe, mara ya tatu kwa simu tena akiwa amejifungia chooni ili baba yake asisikie. "Njoo mikono mitupu," alimwambia. "Njoo na shati safi na adabu. Gitaa liache dukani." Na Nyuzi alikuwa amejibu mara zote tatu kwa sauti ile ile ya upole, iliyomfanya Kidosho ampende na kutaka kumzaba kofi kwa wakati mmoja: "Nimesikia, mpenzi."

Kusikia si kukubali. Jumamosi hiyo saa nne asubuhi, mlango wa karakana ya baba yake Kidosho ulipofunguliwa, Nyuzi alisimama kizingitini na shati safi, adabu zote, na mkoba mweusi wa gitaa begani.

Moyo wa Kidosho uliruka, kisha ukaanguka. Uliruka kwa sababu alikuwa hajamwona kwa siku tisa, na siku tisa si mchezo kwa mtu anayependa. Ukaanguka kwa sababu ya ule mkoba.

"Shikamoo, Mzee," alisema Nyuzi.

"Marahaba." Baba yake Kidosho hakuinua uso. Alikuwa akilifuta gitaa lililolala mezani kwa kitambaa laini, mkono wa kushoto ukifuta, wa kulia umo ndani ya mfuko wa aproni. "Nini hicho begani?"

"Gitaa, Mzee."

"Nina macho. Mkoba nauona. Nauliza ndani umeniletea nini."

Shangazi, aliyeketi kwenye kigoda karibu na dirisha, alikohoa ili kuficha kicheko. Alikuwa dada wa baba yake Kidosho, mkubwa kwake kwa miaka miwili, na alikuja asubuhi hiyo kwa makusudi, maana alisema jambo la kumwoza mtoto haliachiwi mwanamume mmoja peke yake, tena mwanamume mwenyewe kaka yake.

Kwa wasioijua habari ya watu hawa, tuseme kwa ufupi. Baba yake Kidosho alikuwa fundi wa magitaa, na mji mzima ulimwita Fundi tu, bila kuongeza neno. Gitaa lake lilisubiriwa mwaka na nusu. Watu walioagiza walizaa, wakahama nyumba, wakagombana na kupatana, gitaa bado. Nyuzi naye alifanya kazi katika duka kubwa la vyombo vya muziki, na kitu kilichotoka haraka kuliko vyote dukani humo kilikuwa gitaa la kiwandani lenye sahihi ya mwimbaji mmoja maarufu, yule ambaye nyimbo zake hata watoto wa chekechea wanazijua. Sahihi ilichapwa kwa rangi ya dhahabu juu kwenye kichwa cha gitaa. Mtu wa mshahara wa kawaida aliweza kulinunua na bado akala hadi mwisho wa mwezi. Fundi alilichukia gitaa hilo kuliko alivyochukia mchwa, na tangu picha ya mwimbaji ilipobandikwa kwenye mlango wa duka, alikuwa akivuka barabara ili asipite mbele yake.

Ndipo binti yake wa pekee akaenda kumpenda mtu wa ndani ya duka hilo. Mapenzi hayana adabu.

"Liweke mezani," alisema Fundi. "Tulione."

Nyuzi alifungua zipu ya mkoba, akalilaza gitaa lake kando ya lile la Fundi. Yakawa mawili juu ya meza moja, kwenye mwanga wa dirisha. La Fundi lilikuwa limekamilika juzi, na lilisubiri kubandikwa lebo tu. La dukani lilimeta kuliko lenzake, kama kawaida ya vitu vya dukani.

Kidosho hakuyatazama magitaa. Alimtazama Nyuzi: shingo iliyonyolewa vizuri, vidole virefu vyenye sugu, na yale macho ambayo yalipokutana na yake yalitulia hapo kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa mbele ya baba mtu. Nisamehe, yalisema yale macho. Na bado sitafanya unavyotaka.

"Binti yangu ana miaka ishirini na saba," Fundi alianza. "Amewakataa wanaume wanne. Mmoja ana lori."

"Malori mawili, kaka," alisema Shangazi.

"Mawili. Sijui ameona nini kwako, lakini ameona. Mimi si mtu mgumu."

Shangazi alikohoa tena.

"Si mtu mgumu," Fundi alirudia kwa sauti kubwa zaidi. "Nina sharti moja tu. Sema hapa, mbele ya binti yangu na dada yangu, kwamba hicho ulichokileta ni kuni. Kisha Jumatatu uage dukani, uje hapa unipasulie mbao, nikufundishe kazi ya kweli. Ukisema hivyo, wazee wako waje wiki ijayo. Sina neno."

Kidosho alishika ukingo wa meza. Miaka miwili ya kukutana kwa kuibia, kumbe njia ilikuwa fupi hivi? Neno moja. Sema, alimwomba kimoyomoyo. Sema kuni, twende zetu, baadaye tutacheka.

Nyuzi alilitazama gitaa lake. Akamtazama Kidosho kwa muda mrefu, kama anayeomba radhi kabla ya kukosa.

"Siwezi, Mzee."

"Huwezi nini?"

"Kusema ni kuni. Si kuni."

Fundi aliinama, akaugonga uso wa gitaa la dukani kwa kifundo cha kidole. Sauti ikatoka fupi, ikafa. "Umesikia? Plaiwudi. Sasa sikia hili." Akaligonga la pili. Sauti ikazunguka ndani, ikatoka kwa raha zake, ikachukua muda kuisha. "Hili linaitika. Lako linasalimiwa, halijibu."

"Kweli, Mzee."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Sikuja kubishana na masikio yangu. Uzi mnene wa gitaa lako mtu anausikia tumboni, wa hili unaishia kooni. Mteja akiniuliza kama hili linalifikia lako, namwambia halilifikii, leo wala kesho."

"Basi sema kuni, tumalize."

"Kuni hazimfundishi mtu wimbo." Nyuzi hakupandisha sauti. "Kuna muuguzi alinunua moja kama hili. Anatoka zamu hoi, anapiga nyimbo tatu, analala. Kuna mzee mmoja, ana mabinti wanne, wanalipokezana, na kila Ijumaa wanagombana ni zamu ya nani. Hao hawalipati lako, Mzee, hata wakisubiri mpaka waote mvi."

"Wasubiri."

"Waanze na nini?"

"Wasianze!"

"Kaka," alisema Shangazi, "wewe mwenyewe si ulianza na debe la mafuta na waya za breki za baiskeli? Mama alikufukuza nalo nyumba nzima."

"Nani amekuuliza?" Fundi alimgeukia Nyuzi, na sasa alikuwa amepata moto. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chenu kinatembezwa na mwimbaji mzima, na picha mlangoni! Jina la mtu juu ya kitu ambacho hajakigusa hata kwa kidole. Huo ndio uongo ninaoukataa kuingia nyumbani kwangu. Na yeye mwenyewe hapigi hayo! Unajua hili la kwangu hapa ni la nani?"

"La nani, Mzee?"

"La huyo huyo mwimbaji wenu. Anakuja saa nane kulichukua. Kwenye picha anakumbatia lenu, akifika nyumbani anapiga langu."

Alitarajia Nyuzi aishiwe nguvu. Nyuzi alitabasamu tu.

"Hilo kila fundi mjini analijua. Lakini mimi siuzi sahihi, Mzee. Gitaa hili likitoka kwenye boksi, nyuzi zimekaa juu mno. Mwanafunzi akipiga siku mbili vidole vinachubuka, analitupa uvunguni. Mimi naupunguza ule mfupa unaobeba nyuzi, nasugua vyuma vya shingoni visimkate mkono. Moja moja, kila moja, kabla halijatoka dukani. Jina lililo juu si langu, lakini anayelishika haumii. Sitasimama hapa niiite kazi hiyo kuni ili nipate mke. Mke mwenyewe atanidharau kabla mwaka haujaisha."

Kidosho alihisi uso ukiwaka. Angeweza kumnyonga. Mlango ulikuwa wazi na mwanamume huyu ameupiga teke kwa sababu ya vyuma vya shingoni! Na hapo hapo, chini ya hasira ile, alijua kwamba kama Nyuzi angetamka neno lile, jambo fulani ndani yake yeye Kidosho lingezimika, na wala asingemwambia mtu. Alimpenda kwa ukaidi ule. Alimpenda vibaya sana.

Kwa mshangao wa wote, Fundi alilisukuma gitaa lake kuelekea kwa Nyuzi. "Lipige," alisema. "Ujue unachokikataa."

Nyuzi alijifuta viganja kwenye suruali, akaketi, akalipakata. Alipiga taratibu wimbo usio na maneno, ule aliokuwa akimpigia Kidosho kwenye simu usiku wanapokosa la kusema. Karakana ikajaa. Vumbi la mbao lilicheza kwenye mwanga, Shangazi akaacha kutikisa mguu, na Kidosho akageuka kutazama rafu ya gundi kwa sababu macho yalikuwa yanamsaliti.

Nyuzi alipomaliza aliingiza mkono mfukoni, akatoa kioo kidogo cha mviringo chenye mpini mwembamba, mfano wa kile cha daktari wa meno, pamoja na kurunzi ndogo kama kalamu. Mafundi wa kukarabati hawatembei bila vitu hivyo. "Mzee, naruhusiwa kuchungulia ndani?"

"Chungulia," alisema Fundi kwa fahari. "Ujifunze."

"Hakuna haja," Kidosho alisema haraka. Sauti yake ilitoka juu kuliko alivyokusudia. "Nyuzi, liache."

Lakini kioo kilikwishaingia kwenye tundu. Ndani ya gitaa, chini ya uso wake, zimo mbavu, vijiti vyembamba vilivyogandishwa kwa gundi, na hizo ndizo zinazoamua gitaa litaimba au litanuna. Mnunuzi hazioni maisha yake yote. Nyuzi alizungusha kioo, akashusha kurunzi, akatulia. Kisha uso wake ukafunguka kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki ugenini.

"Nilijua!" alisema. "Nilijua tu. Kila ubavu patasi imeshukia upande wa kushoto. Mtu wa mkono wa kulia hachongi hivi hata ukimlipa. Kidosho, hizi ni zako." Akamgeukia Fundi, bado anatabasamu. "Hongera, Mzee. Nimechungulia magitaa mengi, sijaona mkono kama wa binti yako."

Kidosho aliuficha mkono wake wa kushoto nyuma ya mgongo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipokuwa na miaka sita, wakati Shangazi alipokuwa akimfunga kitambaa kwenye mkono huo ili ajifunze kutumia wa kulia. Kitambaa hakikusaidia.

"Zake vipi?" aliuliza Shangazi. "Kaka, si huwa unasema mtoto anapiga msasa tu?"

Shangazi alinyanyuka, akakiokota kikaratasi kilichokuwa kando ya meza, lebo iliyosubiri kubandikwa ndani ya gitaa. Alikisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti, "Kila ubao wa gitaa hili umepita mikononi mwangu peke yangu." Akakishusha. "Peke yangu. Na sahihi yako hii hapa chini. Ama kweli, kaka, nyani haoni..."

"Maliza hiyo methali uone."

Shangazi hakuimaliza. Nyuzi alimtazama baba, akamtazama binti, na tabasamu likamkauka usoni. Alikwishaelewa alichokifanya.

"Tokeni," alisema Fundi. "Nyote wawili. Niachieni mwanangu."

Mlango ulipofungwa, Fundi aliketi kwenye kiti ambacho Nyuzi alikuwa amekikalia, akaonekana mdogo kuliko kiti. Kwa muda waliwasikiliza wale wawili nje, Shangazi akigomba na Nyuzi akisema "Sikujua, Shangazi, naapa sikujua."

"Ulimwambia," alisema Fundi.

"Sikumwambia. Umemwona mwenyewe, amesoma mbao. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mbao hazifichi."

Miaka mitatu iliyopita mkono wa kulia wa Fundi ulianza kutetemeka. Siku moja patasi ikateleza, ikaupasua ubao aliokuwa ameuhifadhi kwa miaka kumi na moja akisubiri ukauke. Kidosho hakuwahi kumwona baba yake akilia, siku hiyo alimwona. Aliichukua patasi sakafuni kwa mkono wake wa kushoto, akaketi, akachonga. Baba yake akasema maneno matatu tu: "Isitoke humu ndani." Naye akakubali, kwa mapenzi, bila kufikiri kwamba neno la siku moja lingeishi miaka mitatu na magitaa tisa.

"Sikiliza," Fundi alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Umeshinda. Mchukue. Auze anavyouza, asiseme kuni, asiseme lolote. Wazee wake waje hata kesho. Nitavaa koti, nitawapokea vizuri. Lakini wewe na yeye mwambieni shangazi yako kwamba kijana amekosea. Amechanganya. Taa ilikuwa ndogo. Lebo ibandikwe, mwimbaji achukue gitaa lake, maisha yaendelee."

Kidosho alipeleka macho dirishani. Nyuzi alisimama uani chini ya jua, mikono imelegea, shati safi limeanza kulowa mgongoni. Hakuwa akimsikiliza Shangazi tena. Aliutazama mlango tu. Angeusubiri mlango ule mpaka kesho, Kidosho alijua. Na ruhusa ilikuwa hapa, mezani, imekwisha kutolewa. Kuitikia kwa kichwa tu na leo hii angetoka kwenda kumshika mkono mchana kweupe, bila kujifungia chooni, bila siku tisa.

Aliitaka. Mungu anajua jinsi alivyoitaka.

"Baba," alisema polepole, "nusu saa iliyopita ulikuwa na sharti moja, kwamba aseme uongo ndipo anioe. Sasa unalo jingine, kwamba niseme uongo mimi ndipo niolewe. Katika nyumba hii hakuna anayeweza kuolewa kwa kusema kweli?"

"Usinifanyie maneno."

"Umemwambia nini Nyuzi? Jina la mtu juu ya kitu ambacho hajakigusa. Ukasema huo ndio uongo unaoukataa kwako."

"Unanilinganisha mimi na wale?" Fundi aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mimi? Na wauza picha?"

"Nakulinganisha. Na wale wanakushinda, Baba, kwa sababu hawaandiki popote kwamba mwimbaji amechonga. Wewe umeandika."

Maneno yakishatoka hayarudi. Kidosho aliona yalivyomwingia, na yakamuuma yeye pia, maana huyu alikuwa baba yake, aliyemlea peke yake kwenye sakafu hii hii ya maranda, aliyemfundisha kugonga ubao na kusikiliza kabla hajamfundisha kusoma. Lakini hakuyarudisha nyuma.

"Unataka nini basi?" Fundi alinong'ona. "Nisimame barabarani nitangaze kwamba Fundi amekwisha?"

"Hujakwisha. Masikio yako hayatetemeki. Nani anayeniambia hapa punguza, hapa acha? Ni wewe. Sema hivyo! Sema binti yangu anachonga, mimi nasikiliza. Kuna aibu gani?"

"Hawatanunua."

"Hujawauliza."

"Nitakwambia mara ya mwisho. Ukikataa, ruhusa ya huyo mtu hakuna. Imekufa."

"Naijua thamani yake, Baba. Nimeililia miaka miwili. Lakini sinunuliwi nayo."

Kidosho alikwenda mlangoni kabla ujasiri haujamtoka, akaufungua. "Shangazi, ingia. Nyuzi, nawe ingia."

Waliingia. Nyuzi alisimama mbele yake akiwa na uso wa mtu aliyevunja chombo katika nyumba ya wenyewe. "Nisamehe," alisema kwa sauti ya chini.

"Nawe nina lako, tutazungumza. Ungeninong'oneza kwanza, ungepungukiwa nini?" Kisha akamgeukia Shangazi, akasimama wima, mikono yote miwili mbele. "Shangazi, kijana hajakosea. Hili nimechonga mimi. Na manane kabla yake. Baba anasikiliza, mimi nachonga, na tumewadanganya watu kwa miaka mitatu. Tumedanganya wote wawili. Mimi nimechoka."

"Mzee," Nyuzi alisema, "wallahi sikujua kama ni siri. Nilidhani..."

"Ulidhani nini?" Fundi alimkatiza kwa ukali.

"Nilidhani unajivunia. Mimi ningekuwa na binti anayechonga hivi, ningeliandika getini."

Kwa muda Fundi alionekana kama anayetafuta tusi la kufaa asilipate. Kisha, taratibu, aliutoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka juu ya meza mbele yao wote. Ulitetemeka, vidole vikigonga mbao kidogo kidogo, visisikie amri.

Shangazi alijishika mdomo. "Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Na mimi dada yako nisiambiwe? Nakuletea chakula kila Jumamosi, nakula nawe, unakula kwa kushoto nadhani ni maringo yako tu!" Sauti yake ilikatika. Aliuchukua ule mkono, akaushika kati ya viganja vyake kwa nguvu, kana kwamba angeweza kuutuliza kwa kugomba. "Mjinga wewe. Mjinga mkubwa."

Kidosho aliichukua ile lebo, akaichana katikati, kisha vipande vikachanwa tena. Akavuta karatasi nyeupe na kalamu, akaandika kwa mkono wake wa kushoto, mbele ya wote, maneno machache: nani amechonga, nani amesikiliza. Hakumwomba mtu ruhusa. Alipaka gundi nyuma ya karatasi, akaipitisha kwenye tundu la gitaa, akaibandika ndani na kuikandamiza kwa kidole mpaka ikashika.

"Akija saa nane, nitamwambia mwenyewe," alisema. "Nitamwambia na yale mengine ni ya nani."

"Atawaambia wenzake," alisema Fundi. Hakuwa akipiga kelele tena, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia. "Wote watafutilia mbali maagizo yao. Jina nililolijenga miaka arobaini litaishia leo mchana."

"Huenda."

"Na huyu wako sijamruhusu. Nimekwambia imekufa, na neno langu silirudishi nyuma, unanijua."

"Nakujua. Mimi ni mwanao, nimeurithi ugumu huo huo."

Alisogea mpaka alipo Nyuzi, akaingiza vidole vyake katikati ya vidole vile vyenye sugu, mchana kweupe, mbele ya baba yake. Nyuzi alishtuka, kisha akavibana kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Mkono wake ulikuwa na jasho. Wa Kidosho pia.

"Na akilikataa?" aliuliza Fundi. "Mwimbaji akisema hataki gitaa la mtoto wa Fundi, analitaka la Fundi? Utalipeleka wapi?"

"Akilikataa, nitalipiga mwenyewe siku ya harusi yangu."

"Harusi ipi?"

Kidosho alimtazama baba yake machoni, na sauti yake haikutikisika hata kidogo.

"Hiyo unayoizuia, Baba. Umealikwa."